Tahasusi, kwa anayependa mengi

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, neno tahasusi huzungumzwa kwenye vibaraza vingi hapa Bagamoyo. Tahasusi ni masomo matatu ambayo mwanafunzi anayabobea kidato cha tano na cha sita. Huandikwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza: PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, HGL ni Historia, Jiografia na Lugha ya Kiingereza. Mwaka 2024 orodha ilipanuliwa ikafika tahasusi 65, zikiwemo za sanaa na michezo.

Asili ya neno ni Kiarabu, na ni ndugu wa hasa, hususan na mahususi. Yote yanabeba maana ya kutenga kimoja katika vingi. Hapo ndipo kijana anayependa mengi anapoumia.

Mpwa wangu anapiga ngoma, anapenda bahari, na Baiolojia anaifaulu vizuri. Aliniuliza, "Mjomba, nikichagua moja, mengine si yatakufa?" Watu wazima wengi humjibu kijana wa namna hii kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mimi naona jibu hilo halimtendei haki. Kinachofaa kuulizwa ni kipi kati ya anavyovipenda kinadai cheti cha somo fulani, na kipi hakidai.

Udaktari wa tiba katika vyuo vikuu vyetu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Aliyesoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, hata akiongoza darasa zima, matokeo hayo hayamwingizi kwenye udaktari, maana hana Fizikia. Uhandisi nao unataka Hisabati na Fizikia. Ngoma je? Mwanafunzi wa PCB anaweza kutoka darasani akaenda kwenye mazoezi jioni. Fizikia aliyoiacha kidato cha nne hataikuta ufukweni. Kwa hiyo tahasusi huchaguliwa kwa kutazama milango itakayofungwa, na kile kisichohitaji mlango kiendelee nje ya darasa.

Wala kidato cha tano si njia pekee. Mji wetu una TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na kule Mbegani kuna chuo cha uvuvi. Vyuo vya kati kama hivi hutoa astashahada na stashahada, na stashahada yenye ufaulu mzuri inaweza kumfikisha mtu chuo kikuu katika fani inayohusiana na aliyoisoma. Anayejua hakika kwamba sanaa ndiyo kazi yake, sioni kwa nini asukumwe kwenye PCB ili jamaa wafurahi.

Kwa mpwa wangu tulianzia mwisho tukarudi nyuma. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutoa mwongozo wa udahili, unapatikana bure mtandaoni, na kila kozi imeandikiwa masomo inayoyadai. Kwenye kozi za uvuvi tukaona Baiolojia ndiyo nguzo. Kwenye udaktari, ambao alikuwa hajautaja hadi siku ile, tukaona Fizikia haikwepeki. Akaandika PCB chaguo la kwanza na CBG la pili, akafunga simu, akawahi mazoezi.