Si kweli: ziwa "limeganda" haina maana linapitika

Kila msimu wa baridi ujumbe huu hurudi kwenye magrupu: Ziwa Mille Lacs, jimbo la Minnesota, Marekani, likishaandikiwa tarehe ya kuganda, mtu anaweza kwenda kuvua samaki juu ya barafu bila wasiwasi. Si kweli. Tarehe hiyo huonyesha tu kwamba uso umefunikwa. Barafu yaweza kuwa na unene wa sentimita chache tu. Rekodi za tarehe hizo hutunzwa ili kulinganisha miaka, na hapo ndipo watu huchanganya.

Toboa barafu, pima unene wake kwa rula, rudia kila mita 45, maana mikondo na theluji hubadilisha unene. Anayetembea anahitaji walau sentimita 10 za barafu angavu. Ile nyeupe ina nusu ya nguvu, hivyo unene wake uwe mara mbili. Ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze.