Je, wajua kwa nini mashabiki wa tenisi Uingereza bado wanawapenda wachezaji ambao dunia imeshawasahau?

Muulize shabiki wa tenisi wa Uingereza mwenye miaka 50 na kitu akutajie mashujaa wake, Andy Murray lazima awepo, Tim Henman pia, hilo halina ubishi. Ila mwache aendelee kuongea kidogo utaanza kusikia majina mengine kabisa: Barry Cowan, Chris Bailey, Nick Brown, Jeremy Bates, Sam Smith. Na hapo ndipo sauti inabadilika, anaanza kukuhadithia mchana fulani wa mwaka 1991 au 2001 kama vile ni wiki iliyopita. Mbona hivyo? Hawa watu wengi wao hawakukaribia hata siku moja kombe la Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya London yanayochezwa kwenye nyasi.

Jibu ambalo watu hulitoa haraka ni kwamba Waingereza wanapenda washindwa, yaani ukipigwa kwa heshima huku umepambana wanakupenda kuliko aliyeshinda. Limerudiwa sana hadi limekuwa kama ukweli, lakini ukilipima kwa majina yenyewe halisimami.

Kwanza, kila mwaka Wimbledon kuna Waingereza wanaotolewa raundi ya kwanza, wengine kwa seti tatu za haraka, gemu 6-2, 6-1, 6-2, saa moja na nusu wameshaoga na kuondoka. Nani anawahadithia hao? Kama kupigwa ndiko kunaleta mapenzi basi hao ndio wangekuwa vipenzi namba moja. Pili, wengi kwenye ile orodha wanakumbukwa kwa sababu WALISHINDA. Nick Brown mwaka 1991 alikuwa namba 591 duniani, alishawahi kuacha kucheza akawa kocha kisha akarudi, akapewa nafasi ya mwaliko, yaani kuingia bila kufuzu, na raundi ya pili akamtoa Goran Ivanišević ambaye mwaka mmoja nyuma alifika nusu fainali palepale. Ilikwenda seti 4: 4-6, 6-3, 7-6, 6-3. Sam Smith, upande wa wanawake, mwaka 1998 alimtoa Conchita Martínez, bingwa wa 1994, akaingia raundi ya 4. Jeremy Bates mwaka 1992 alianza kwa kumpiga Michael Chang, mtu mwenye taji la French Open.

Tatu, na hili ndilo linaniuma zaidi, neno "washindwa" linawadhulumu hawa watu. Jo Durie wa Bristol alifika nusu fainali ya French Open na ya US Open mwaka 1983, mwaka uliofuata akawa namba 5 duniani, halafu akashinda mataji mawili makubwa ya wachezaji wawili mchanganyiko akiwa na huyohuyo Bates, Wimbledon 1987 na Australia 1991. Roger Taylor wa Sheffield alicheza nusu fainali 3 za Wimbledon, na mwaka 1970 alimtoa Rod Laver aliyekuwa bingwa mtetezi. Bates mwenyewe alifika namba 54 duniani na akabeba kombe la Seoul mwaka 1994. Namba 54 duniani! Hebu fikiria fani yoyote unayoijua, halafu useme duniani kote kuna watu 53 tu wanaokuzidi. Huyo sio mshindwa, tatizo ni kwamba tenisi inaandika vizuri jina la mmoja tu kila mashindano na wengine 127 wanaingizwa kapu moja.

Nyuma ya haya yote kuna ukame ambao wengi wanaujua, kati ya Fred Perry kuchukua Wimbledon mwaka 1936 na Murray kuchukua 2013 ilipita miaka 77 bila mwanaume Mwingereza kushinda singo, yaani mchezo wa mmoja kwa mmoja, pale. Upande wa wanawake Virginia Wade alichukua 1977. Ukame unaeleza kwa nini watu walikuwa na njaa, hauelezi kwa nini walishibishwa na mtu aliye namba 591. Hapo inabidi tuangalie nyasi.

Kwenye nyasi mpira hauruki sana, ukitua unateleza na kubaki chini, kwa hiyo anayepokea sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, ana muda mdogo wa kufanya chochote cha maana. Mtu mwenye sevu nzuri, hata kama vitu vingine vyake ni vya kawaida tu, anaweza kushinda gemu zake zote za sevu. Na mpinzani wake naye anashinda zake. Seti inafika gemu 6-6, inaingia taibreki, yaani gemu ya kuamua seti, wa kwanza kufika pointi 7 akiwa mbele kwa mbili anaondoka na seti.

Sasa chukua kombe la FA, timu ya daraja la chini imepangwa na Simba. Kwenye ligi ya mechi 30 Simba itamaliza juu kwa mbali, hapo ubora una muda wa kujionyesha. Kwenye mechi moja tofauti inapungua lakini ipo. Ila yule mdogo akipaki basi, dakika zikaisha bila goli, mkaenda kwenye mikwaju ya penalti, tofauti ya bajeti na mishahara inabaki nyembamba sana, mikwaju mitano tu, kipa akidaka mmoja habari imekwisha. Taibreki kwenye nyasi ndio mikwaju ya tenisi. Kadiri kitu kinavyoamuliwa na pointi chache ndivyo mnyonge anavyopata mlango. Na mnyonge anajua hilo, kazi yake sio kuwa bora kuliko bingwa kama Pete Sampras kwa saa tatu, kazi yake ni kumfikisha kwenye mikwaju, kisha tena, kisha tena.

Lakini angalia hapo kwenye "kisha tena". Wanaume Wimbledon wanacheza hadi seti 5, lazima ushinde 3. Ni kama uambiwe penalti mnapiga ila lazima umtoe Simba mara 3 kati ya 5 siku hiyohiyo. Urefu unarudi, na ukirudi ubora unarudi nao. Ndio maana hizi hadithi nyingi zinafanana mwisho wake! Andrew Castle mwaka 1986 alimsukuma Mats Wilander, nyota wa Sweden, hadi seti ya 5, akapoteza. Bates mwaka 1992 dhidi ya Guy Forget anaongoza seti 2 kwa 1, ana pointi moja tu ya kumaliza mechi na kuingia robo fainali, ikampita, akapoteza seti ya 5. Chris Bailey 1993 naye alikuwa na pointi ya kummaliza Ivanišević, akalala 9-7 seti ya mwisho, maana enzi hizo seti ya 5 haikuwa na taibreki. Miles Maclagan, aliyezaliwa Zambia, mwaka 1999 alimwongoza Boris Becker, bingwa wa zamani wa Wimbledon, seti 2 bila na akawa na pointi 3 za kumaliza mechi. Becker akazifuta zote akashinda.

Kwa hiyo sio kwamba mashabiki wanachagua washindwa. Ni vile mchezo wenyewe, kwa nyasi zake na seti zake 5, unatengeneza kwa wingi aina moja ya mchana: mtu asiyejulikana anafika mlangoni kabisa, anashika kitasa.

Halafu mchana huo unaonwa na watu wengi mno. Waandaaji wana nafasi za mwaliko, waildikadi, 8 kwenye singo ya wanaume, na kwa kawaida wenyeji ndio wanaozipata kwa wingi. BBC imekuwa ikionyesha Wimbledon tangu 1937, huhitaji king'amuzi cha kulipia. Kwa hiyo mtu ambaye mwaka mzima anacheza kwenye viwanja vidogo vyenye watazamaji wa kuhesabika, ghafla anaangaliwa na nchi nzima, mabibi, watoto wa shule, watu ambao hawaangalii tenisi miezi 11 iliyobaki.

Kuna na upande wa kumbukumbu yenyewe. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaambia watu waweke mkono kwenye maji ya baridi, mara moja kwa sekunde 60, mara nyingine sekunde 60 zilezile kisha 30 za ziada huku maji yakipungua baridi kidogo. Wengi wakachagua kurudia ile ndefu, maana kichwa hakikujumlisha muda, kilishika kilele na mwisho. Bates alicheza miaka mingi, ila shabiki anashika ile pointi ya Forget. Ni kweli lakini utafiti ulikuwa wa maumivu ya dakika moja na nusu, sio wa mapenzi ya miaka 30, kwa hiyo mimi nauchukua kama dokezo tu.

Na kuna mmoja ambaye haya yote hayamtoshi, Elena Baltacha. Alizaliwa Kiev mwaka 1983, baba yake Sergei alicheza mpira Ipswich Town. Akiwa na miaka 19 aligundulika na ugonjwa wa ini, akaendelea kucheza hivyohivyo hadi akafika namba 49 duniani mwaka 2010. Alianzisha akademi Ipswich kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wasingemudu gharama za tenisi. Alifariki Mei 2014 kwa saratani ya ini akiwa na miaka 30. Yeye hakumbukwi kwa mchana mmoja, anakumbukwa mzima mzima, alivyopambana kwenye kila pointi na alivyokuwa na watu.

Turudi kwenye nyasi, kuna kilichobadilika. Mwaka 2001 Wimbledon iliacha mchanganyiko wake wa zamani na kupanda aina moja tu ya nyasi, ngumu zaidi, udongo chini ukawa imara na mpira ukaanza kuruka juu kiasi. Anayepokea akapata muda, mlango wa mnyonge ukapungua upana. Haukufungwa, mwaka 2016 Marcus Willis, namba 772, alishinda mechi 6 za mchujo kisha moja ya raundi ya kwanza ndipo akakutana na Roger Federer uwanja mkuu, akapoteza 6-0, 6-3, 6-4 huku uwanja mzima ukimshangilia.

Cha ajabu, mwaka huohuo wa 2001 bingwa alikuwa Ivanišević, yuleyule aliyetolewa na Brown na kuponea kwa Bailey, naye sasa akiwa ameingia kwa waildikadi, namba 125. Na raundi ya pili mwaka huo Barry Cowan, namba 265, alimkuta Pete Sampras, bingwa mara 7. Akapoteza seti mbili za mwanzo, kila wakipumzika anaweka spika masikioni anasikiliza wimbo wa mashabiki wa Liverpool, timu yake, kisha akachukua ya 3 na ya 4. Sampras alimaliza 6-3 ya tano. Ukipata nafasi ya kutazama mechi moja tu kati ya zote hizi tafuta hiyo, na anzia kwenye taibreki ya seti ya 3.