Je, wajua kwa nini ni vigumu kumng'oa diwani aliyekosea?

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Ng'ambo, Tabora, swali hili haliishi. Safari hii lililetwa na fundi baiskeli, mikono bado ina grisi. "Diwani simu hapokei, mkutano haitishi, mtaro ndio huo unanuka. Sisi tuliompa kura hatuwezi kumvua?" Mzee mmoja akamjibu bila kuinua macho kwenye bao: "Subiri uchaguzi, mwanangu." Watu wakacheka. Kisheria, mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko wote.

Tatizo linaanzia hapa: diwani hana mwajiri. Mkurugenzi wa halmashauri ana barua ya ajira, kwa hiyo yupo anayeweza kumwandikia nyingine ya kumsimamisha. Diwani ana kura. Mkurugenzi huyo huyo ndiye katibu wa Baraza la Madiwani, lakini hana ubavu wa kumwadhibu mheshimiwa aliyevaa joho mbele yake, maana kazi ya baraza ni kuisimamia ofisi yake. Ukimtoa diwani, umezifuta na kura za kata nzima. Kwa hiyo kila nchi inabidi iamue nani akabidhiwe mkasi.

Tanzania mkasi mkubwa uko kwenye chama. Kwa kuwa hatuna mgombea binafsi, kila diwani huingia kwa tiketi ya chama, na akivuliwa uanachama, udiwani nao umekwenda. Hukumu nzito ya mahakama inaweza kumtoa. Utoro nao: akikosa vikao vitatu mfululizo bila ruhusa, kiti kinaweza kutangazwa wazi. Tazama orodha hiyo vizuri. Simu isiyopokelewa haimo. Mtaro haumo. Anayeweza kumwondoa katikati ya muhula ni chama, mahakama au daftari la mahudhurio. Mpiga kura wa Ng'ambo hatajwi.

Chini ya hapo zipo kanuni za maadili ya madiwani, na halmashauri ina Kamati ya Maadili, ambayo wajumbe wake ni madiwani wenyewe. (Ndiyo, wanahukumiana.) Kanuni ninayoiheshimu zaidi ni ya kutamka maslahi. Tuseme agenda ni mkataba wa kukusanya ushuru sokoni, na kampuni iliyoomba ni ya shemeji yake diwani, naye ana hisa humo. Anatakiwa asimame, aseme, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maslahi katika jambo hili," kisha asichangie wala asipige kura. Ni sentensi fupi, lakini kuitamka mbele ya wenzako thelathini kunahitaji koo.

Zamani masharti yalikuwa makali zaidi. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaja diwani kwa cheo chake kati ya viongozi waliokatazwa kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Hata mke au mume aliingizwa humo. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ikashika njia nyingine: kuwa na mali ruksa, ila itamke. Kila mwaka, mwisho 31 Desemba, wakati maembe yamejaa barabarani Tabora, diwani anapaswa awe amewasilisha tamko la mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili.

Ukidhani wakubwa wamelimaliza suala hili, angalia Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 ilianzisha bodi ya viwango vya maadili, pamoja na jopo lililoweza kumsimamisha diwani au kumzuia kushika nafasi hiyo hadi miaka mitano. Mwaka 2006 jopo hilo likamsimamisha meya wa London, Ken Livingstone, kwa wiki nne kwa maneno aliyomtolea mwandishi wa habari Myahudi. Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Malalamiko ya kipuuzi na ya kisiasa yakazidi, au ndivyo serikali iliyofuata ilivyodai, na sheria ya 2011 ikaung'oa mfumo mzima meno. Tangu hapo halmashauri za England zimebaki na kulaumu rasmi, kumtoa mtu kwenye kamati, kumwomba aombe radhi au ahudhurie mafunzo. Ni kusutwa kabisa, tena bila ngoma wala vigelegele. Akigoma kuomba radhi, hakuna kinachofuata.

Ndiyo maana video ya halmashauri ndogo ya Handforth ilichekesha dunia Februari 2021. Mwenyekiti anafoka kwenye mkutano wa Zoom, na Jackie Weaver, aliyekuja kusaidia kuuendesha, anamtoa kwa kubofya. Kabla ya kutolewa, mwenyekiti huyo alikuwa amemwambia kwamba hana mamlaka. Uchunguzi wa baadaye ukasema kweli, mamlaka rasmi hakuwa nayo. Bali nani alikuwa nayo?

Kamati ya serikali kuu ya Uingereza inayoshauri kuhusu maadili ya umma ilikuwa imependekeza tangu 2019 adhabu ya kusimamishwa hadi miezi sita irudishwe. Desemba 2024 serikali ikaomba maoni ya watu kuhusu jambo hilo: kanuni moja ya lazima kwa halmashauri zote, kusimamishwa, kuzuiwa posho. Novemba 2025 ikasema itatunga sheria. Mimi naona posho ndiyo itakayouma. Mtu huzoea aibu, lakini mfuko haujifunzi.

Jambo moja, hata hivyo, Waingereza hawakulifuta mwaka 2011. Rejista ya maslahi ya kila diwani lazima iwekwe mtandaoni. Nilimwonyesha fundi pale pale kijiweni: ukurasa wa halmashauri moja ya huko, jina la diwani, kazi yake, ardhi yake, kampuni yake. Akapangusa grisi kidoleni, akashusha ukurasa taratibu hadi mwisho. Kisha akauliza ya wetu iko wapi. Nikamwambia iko kwa Kamishna, na kuiona kuna masharti yake. Akanirudishia simu.