Faili inayojulikana si lazima iwe salama

Mpelelezi wa makosa ya mtandao akifungua diski ya mtuhumiwa hukuta faili laki kadhaa, nyingi zikiwa za Windows na programu za kawaida. Kuzisoma moja moja haiwezekani. Hukokotoa heshi ya kila faili, yaani msimbo mfupi unaoitambulisha kama alama ya kidole, kisha huilinganisha na orodha ya heshi ya NSRL, maktaba ya programu inayotunzwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Zinazooana huwekwa kando.

Dhana: Faili iliyomo kwenye orodha ni salama.

Ukweli: Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Orodha inaeleza faili imetoka kwenye programu gani, basi. Humo zimo hata zana za udukuzi na za kuficha ujumbe ndani ya picha, maana nazo husambazwa kama programu nyingine. Anayeondoa kila kinachojulikana huenda akaondoa kile kile alichokuwa anakitafuta. Na isiyokuwemo si lazima iwe virusi: barua uliyoandika jana haimo kwenye orodha yoyote.

Dhana: Ukibadilisha jina, heshi nayo inabadilika.

Ukweli: Heshi hukokotolewa kwa baiti zilizomo ndani, jina na folda havihusiki. Ipe calc.exe, programu ya kikokotoo ya Windows, jina la harusi.jpg, heshi yake ya SHA-256 (mojawapo ya njia za kukokotoa heshi) itabaki na herufi na tarakimu zile zile 64. Lakini gusa baiti moja tu, yote inageuka. Ndiyo maana programu ikisasishwa, faili zake mpya hazitambuliki mpaka orodha nayo isasishwe.

Dhana: MD5, njia ya zamani ya kukokotoa heshi, imevunjwa, kwa hiyo orodha za zamani zinazoitumia ni za kutupa.

Ukweli: Tusikimbilie huko. Mwaka 2004 Wang Xiaoyun na wenzake walionyesha data mbili tofauti zenye MD5 moja. Mwaka 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam wakatoa PDF mbili tofauti zenye heshi moja ya SHA-1, njia nyingine ya zamani. Ila katika visa vyote viwili, watafiti waliziandaa wenyewe pande zote mbili. Kuchukua faili ya mtu iliyokwishakuwepo na kuitengenezea pacha yenye heshi ile ile, hilo bado halijawezekana kivitendo, hata kwa MD5. Kazi mpya, tumia SHA-256.

Dhana: Heshi ya faili uliyopakua ikilingana na iliyoandikwa kwenye tovuti, ifungue bila wasiwasi.

Ukweli: Aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti hashindwi kubadilisha na heshi iliyo pembeni yake. Hapo kagua saini ya kidijitali ya mtengenezaji, kwa ufunguo wake wa kuhakiki saini ulioupata kwa njia nyingine, si kwenye tovuti hiyo.