Vitamini zikishuka kwa mgonjwa mahututi

Ndugu akiambiwa damu ya mgonjwa wake aliyelazwa ICU ina vitamini kidogo, wazo la kwanza ni chakula. Hapa Dodoma ubuyu haukosekani, ukwaju upo, mchicha upo. Kwa nini asikorogewe juisi ipitishwe kwenye mpira wa kulishia? Wazo si baya, ila kipimo kile mara nyingi hakizungumzii chakula.

Mwili ukipata jeraha kubwa, upasuaji au maambukizi mazito, kinga huamka yote kwa pamoja. Hali hiyo ndiyo mcharuko. Seli nyeupe humwaga kemikali kali za oksijeni ili kuua vijidudu, na kemikali hizo hazichagui: huunguza hata seli zetu. Vitamini C, vitamini E na karotini huzizima, ndiyo maana zinaitwa viantioksidanti. Vitamini C hutumika kwa kasi, na binadamu hawezi kuitengeneza mwilini.

Lakini kutumika ni sehemu tu ya habari. Chukua vitamini A. Kwenye damu hubebwa na protini maalumu kutoka kwenye ini, na mcharuko ukianza ini hupunguza kuitoa, likageukia protini nyingine, mojawapo CRP, ambayo hupanda ndani ya saa chache na kufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Ni kama stendi ya Nanenane siku mabasi yamekuwa machache: abiria wapo, barabarani huwaoni. Vitamini A bado iko kwenye ini. Ongeza dripu zinazozimua damu, na mishipa midogo inayovujisha maji, namba inashuka zaidi. Hata mtu mwenye afya aliyefanyiwa upasuaji wa kupangwa hushuka hivyo, kisha hupanda mwenyewe mcharuko ukitulia.

Kwa hiyo majibu ya vitamini A bila CRP pembeni yake ni nusu ya majibu. Vitamini E nayo husafiri na mafuta ya damu. Kolesteroli ikishuka, nayo hushuka.

Je, kuongeza dozi kubwa kunasaidia? Kimantiki ingefaa. Utafiti uitwao LOVIT, uliotolewa mwaka 2022, uliwapa watu wazima wenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyofanya mwili kudhuru viungo vyake wenyewe, vitamini C nyingi kwa mshipa. Waliofariki au viungo vyao kuendelea kushindwa kazi walikuwa asilimia 44.5, dhidi ya 38.5 kwa waliopewa dawa bandia. Namba ndogo kwenye karatasi si kila mara tundu la kuzibwa.

Wapo wenye upungufu wa kweli, tangu kabla ya kuugua: mwenye utapiamlo, mnywaji wa muda mrefu, aliyekuwa hali vizuri kwa miezi. Hao hujulikana zaidi kwa historia kuliko kwa kipimo, na anayeijua historia hiyo ni ndugu aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi. Daktari akiuliza mgonjwa alikuwa anakula nini nyumbani, aelezwe bila kuficha, pombe ikiwemo.