Nani anamla nani kwenye miamba ya Malindi

Bamvua ikifika, yaani zile siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, huku kwetu maji yanapwa mwisho kwenye saa nne hivi asubuhi, na hapo ndo wakati wa kushuka kwenye majabali ya pale mnara wa Vasco da Gama. Vaa viatu, chaza wanakata mguu vibaya sana. Halafu usitembee tembee, chuchumaa dakika kumi uangalie jiwe moja tu, manake wengi wanaona jiwe na kumbe pale kila aliye hai anawinda ama anawindwa.

Anza na hao chaza. Utaokota kombe tupu, ukilitazama karibu utaona tundu dogo la duara, safi, kama limetobolewa na sindano ya moto. Aliyefanya hivyo ni konokono mwenye ganda la vinundu vinundu. Anapanda juu ya chaza, anatoa asidi inayolainisha ganda, halafu anasugua na ulimi wake wenye vijino kama msasa, analainisha, anasugua, masaa na masaa, saa nyingine inapita siku nzima, mpaka atoboe ndo aingize mdomo wake mrefu ale nyama mle mle ndani. Chaza amegandana na mwamba, hawezi kukimbia, silaha yake ni unene wa ganda basi.

Na huyu konokono naye ana wake. Kuna kaa mmoja wa macho mekundu, anakaa kwenye nyufa, gando lake moja ni kubwa kuliko jingine na hilo kubwa ni la kuvunjia. Usiku ndo anatoka sana. Anamshika konokono, anamgeuza geuza akitafuta penye udhaifu, akishindwa kumponda anaanza kumega ukingo wa ganda kidogo kidogo. Wale konokono weusi wa duara mnaowaona wengi juu ya mawe, angalieni mlango wao, ni mwembamba na una meno meno na ukingo mnene, hapo kaa anapata kazi. Ukiwaokota kadhaa utakuta mmoja ana kovu, mstari uliopinda kwenye ganda, yaani aliwahi kumegwa akaponyoka akajijengea upya. Mimi kovu hilo nikiliona huwa namwonyesha kila mtoto aliyekuja na shule.

Pweza je? Akina mama wanaookota pweza hawahitaji mtaalamu kuwafundisha, wanajua kuangalia mlangoni mwake, makombe na magamba ya kaa yamelundikana nje ya shimo basi mwenyewe yumo. Anawala kaa, anawala makombe, na yeye anaogopa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Fuma, wale viumbe wa duara wenye miiba mwili mzima. Kuna wadogo wa miiba mifupi wanaojichimbia vishimo kwenye mwamba, wanakula mwani, na wakisugua mwani wanasugua na jiwe lenyewe. Wakiwa wachache hakuna neno. Wakiwa wengi wanaumaliza mwamba pole pole na matumbawe yanakosa pa kuota. Anayewazuia zaidi ni kikande, yule samaki wa mistari ya rangi ya chungwa, anamng'ang'ania fuma kwenye mwiba, anampindua, anamng'ata chini ambako miiba ni mifupi. Watafiti hapa Kenya walilinganisha hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, na sehemu zinazovuliwa kila siku, wakakuta penye uvuvi mkali kikande wamekwisha na fuma wamejaa kupita kiasi.

Kule Marekani, jimbo la Washington, mtafiti Robert Paine alifanya jaribio kama hilo kwa mikono yake miaka ya 1960, akawa anawabandua kiti cha pweza, wale wa umbo la nyota, kwenye kipande cha mwamba na kuwatupa baharini, wao ndo walikuwa wanakula kome. Kome wakatanda jiwe zima wakawasukuma wengine nje, aina 15 za viumbe zikabaki 8. Mlaji mmoja tu kutolewa! Wengi tunafikiri mlaji akiondoka wadogo wananeemeka, lakini wananeemeka wachache wenye nguvu na waliobaki wanakosa hata pa kushika.

Kwa hivyo ndugu zangu wavuvi, kikande akiingia kwenye dema, ule mtego wa samaki, bado mdogo na yu hai, mrudisheni, najua bei yake sokoni ni ndogo lakini kazi yake kule chini hakuna mwingine anayeifanya vile. Na sisi tunaoshuka na watoto bamvua ya asubuhi, jiwe ukiligeuza lirudishe upande ule ule, polepole, manake waliokuwa wamejificha chini yake wakipigwa jua ama wakionwa na ndege kulastara hawafiki saa sita.