Miwani hailegezi macho

Hapa Dodoma, mwalimu akimwambia mzazi kwamba mwanawe haoni ubao, jibu huwa lilelile: "Usimzoeshe miwani, macho yatalegea." Nimelisikia Majengo sokoni, nimelisikia Kongwa, na kila mara linaniuma, maana anayeumia ni mtoto.

Mtoto asiyeona mbali mara nyingi jicho lake limerefuka kupita kawaida, hivyo taswira inatua mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Miwani hupinda mwanga tu ili utue panapotakiwa. Jicho huendelea kurefuka mtoto anapokua, na namba ya miwani hupanda. Watu wakaona vitu viwili vikienda pamoja, wakailaumu miwani.

Malaysia walilipima jambo hili. Jaribio la miaka 2 kwa watoto 94, lililochapishwa mwaka 2002, liliwapa baadhi yao miwani ya nguvu pungufu kwa makusudi. Hao ndio walioharibikiwa haraka zaidi kuliko wenzao wa miwani kamili.

Na ule ukungu unaouona ukiivua? Ulikuwepo tangu zamani. Ila sasa umeshajua kuona vizuri kukoje.

Kwa watu wazima, kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, hata kwa asiyewahi kuvaa miwani maishani. Mama anayechambua mchele kwa kuusogeza ungo mbali na uso hajalegezwa na chochote. Anahitaji miwani ya kusomea, basi, na mtoto wake apelekwe kupimwa macho kabla ya muhula kuanza.